Paja la Baba na Wageni Wake

Mguu wa kushoto wa baba ulirudi nyumbani ukiwa hauna paja. Mfupa ulikuwa umeunga, daktari alisema umeunga vizuri kwa mtu wa umri wake, na ngozi ilikuwepo, na goti lilikuwepo. Lakini ile nyama nene inayojaza suruali ya mwanaume mpanda miti ilikuwa imeyeyukia hospitali, wakati mguu ukining'inia kwenye kamba na uzito wa kuuvuta. Siku ya kwanza aliponyoosha miguu yote miwili juu ya mkeka uani, nilidhani wameturudishia mguu wa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliutazama, akavuta shuka akaufunika, akaniuliza kama kuna chai.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na sisi tukiishi Nsemulwa kwenye nyumba ya tofali za kuchoma ambayo baba aliijenga kwa asali. Sisi maana yake mimi na yeye. Mama alikuwa ameshafariki, dada zangu wameolewa mbali, na mtoto wa kiume hakujaliwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yaliyonirudisha jikoni moja kwa moja, na huko jikoni ndiko nilikouona mwaka huo ukipita, kwa hiyo nitausimulia kutokea huko. Anayetaka habari za msituni amtafute mwanaume.

Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome ilikuwa imetundikwa juu kabisa kwenye miti ya Ugalla, mahali ambapo hata nyegere hafiki, na kila mwaka mvua zikishakatika alipanda treni na wenzake wakaenda kukaa kambini hadi madebe yajae. Msimu ule tawi lilimvunjikia. Wenzake walimbeba kwa machela ya miti hadi stesheni, wakamleta mjini akiwa anauma kipande cha kamba ili asipige kelele mbele za abiria.

Kambi yao ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeipinga. Mti ni wa anayeupanda. Ukiumwa msimu mmoja, wenzako watakurinia na kukuletea fungu lako lote bila kupunguza. Msimu wa pili ukija na wewe huwezi kupanda, miti yako inagawanywa, nawe unapewa kidumu cha asali kwa heshima, kama wanavyopewa wajane. Kumlipa mtu akupandie ilikuwa aibu kuliko kuacha kabisa, na mwanamke haendi kambini, kwa hiyo mimi nisingeweza kumsaidia huko hata ningekuwa na kucha za nyani. Baba alikuwa na masika hiyo moja tu ya kutafuta paja. Mvua zikikatika, ama angepanda treni na wenzake akiwa na miguu miwili, ama asingekuwa mtu wa kambi tena. Na mimi nilimjua. Ukimwondolea miti yake, hakuna kinachobaki isipokuwa mzee wa kukaa kwenye kigoda na kuuliza kama kuna chai.

Siku ya kuruhusiwa, mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alitukalisha kwenye benchi akatueleza. Alikuwa kijana mpole mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Alisema misuli haijafa, imenywea tu kwa kukosa kazi, na dawa yake ni mbili, tena haziachani. Ya kwanza ni mfuko wa mchanga. Aufunge kwenye kifundo cha mguu, akae kwenye kiti, anyanyue mguu mpaka unyooke, auzuie hewani, aushushe polepole, na kila akizoea aongeze mchanga. Ya pili ni chakula.

"Ale vizuri," alisema.

Hilo neno nimelisikia hospitali zote nilizowahi kukanyaga, na kila mara linanikera. Ale vizuri, kana kwamba kuna watu wanaoambiwa wakale vibaya. Nikamuuliza vizuri ndiyo kiasi gani. Shuleni tulifundishwa vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, tukaimba kabisa, lakini hakuna mwalimu aliyesema kiasi. Yule kijana akacheka kidogo, akauchukua mkono wa baba, akaufungua, akazungushia kiganja kwa kidole chake, akiviacha vidole nje.

"Nyama au samaki, kipande cha ukubwa huu na unene huu, kila mlo. Asubuhi, mchana na jioni. Ukikosa nyama, mayai mawili matatu. Ukikosa mayai, maharage bakuli zima, na nikisema maharage sisemi mchuzi wa maharage. Maziwa yakipatikana anywe."

"Sasa si bora tumchinjie mbuzi mmoja Jumamosi tumalize?" nilimuuliza, kwa sababu kila mlo, kila siku, ilinitia hofu.

"Mwili hauna ghala la protini, dada. Ukimpa mbuzi mzima leo, utachukua kidogo cha kujengea, kilichobaki utakichoma kama kuni. Kesho asubuhi utaomba tena. Na akila bila kunyanyua mchanga, hajengi. Akinyanyua mchanga bila kula, anabomoa."

Nilimwelewa vizuri kabisa. Njia nzima nilikitazama kiganja cha baba kikiwa kimeshika mkongojo. Kilikuwa kikubwa, kimekomaa kwa kamba, na nilianza kupiga hesabu ya kichwani ya kuku wetu wanaotaga, ya samaki aina ya migebuka wanaoletwa sokoni Kashaulili kutoka ziwani, ya jirani mwenye ng'ombe ambaye angeweza kutupa maziwa kwa kubadilishana na asali iliyobaki. Ilitosha. Nakumbuka furaha hiyo kwa sababu ilikuwa ndogo na ilikaa siku moja. Nilichosahau kumuuliza yule kijana ni hiki: wageni je?

Kwetu mgonjwa hatazamwi kwa mbali. Unakuja, unavua viatu, unakaa, unaeleza ulivyoipata habari na ulivyoshtuka, unaulizwa habari za nyumbani kwako, mmoja baada ya mwingine, hadi mbuzi. Huji mikono mitupu. Na huondoki kinywa kikavu, maana nyumba inayomwacha mgeni aondoke hivyo itasemwa hadi wajukuu wazeeke. Haya yote ni mambo mazuri. Ningekuwa sina mgonjwa ningeyasifia.

Kuku wa kwanza aliletwa na binamu zake baba waliotembea kutoka vijijini upande wa Ugalla, wanaume watu wazima, vumbi hadi magotini. Walimkabidhi kwa mikono miwili, miguu imefungwa kwa kamba ya gome. "Huyu ni wa mguu," alisema mkubwa wao, na baba akashukuru hadi macho yakalowa. Nikampeleka kuku nyuma ya nyumba nikawaza: robo leo mchana, robo jioni, kesho supu na vilivyobaki. Sikuwa nimemaliza kuwaza shangazi alipokuja na kisu.

Shangazi ni dada yake baba, mkubwa wake, aliyekuja kuuguza akiwa na begi moja na mkeka. Mwili wake ulikuwa mkubwa, sauti yake kubwa zaidi, na roho yake, sina budi kusema, haikuwa na choyo hata kidogo. Kazi aliyoifanya kwa bidii zake zote ilikuwa kukaribisha. Alikaa mlangoni, akiona kivuli cha mtu njiani anaita.

"Unasubiri nini?" aliniuliza. "Watu wametoka mbali, wana njaa."

"Shangazi, huyu kuku ni wa mgonjwa."

"Kwani mgonjwa atamla peke yake?"

Akamchinja. Tuliwaandalia sinia moja, ugali katikati na bakuli la kuku pembeni. Kama kawaida yetu, walianza kwa kuchovya mchuzi, nyama haikuguswa mpaka ugali ulipokaribia kwisha, ndipo mwenye nyumba akaanza kugawa. Mwenye nyumba alikuwa baba. Firigisi alimpa mkubwa wa wageni. Mapaja yakaenda kwa waliofuata. Kidari akamsukumia shangazi. Yeye, kwa kuwa anayegawa huchukua mwisho, akabaki na shingo na bawa moja, akalila bawa huku akisimulia jinsi tawi lilivyolia kabla ya kukatika. Wageni walicheka, wakamsikitikia, wakanawa. Walipoondoka walikuwa na nguvu ya kutosha kurudi kwao kwa miguu.

Nikajua tumeshikwa pabaya.

Kwa sababu kuku wa kwanza hakuwa wa bahati mbaya, alikuwa utaratibu. Kila aliyeleta kitu alikila kitu chake, au alikila cha aliyetangulia na chake kikaliwa na aliyefuata. Mayai yaliletwa kwenye vikapu vya majani, yakakaangwa kwa ajili ya waliobeba kikapu. Baba alikuwa mtu anayependwa, na hilo ndilo lililommaliza. Mtu asiye na watu angekula kiganja chake kwa raha zake na kupona. Baba alikuwa na watu Nsemulwa nzima, na Kashaulili, na kando ya reli yote hadi mtoni, na wote walikuwa na adabu.

Nilijaribu ujanja wote nilioujua. Nilimkaangia mayai alfajiri, kabla watu hawajaamka. Lakini alfajiri ndiyo saa ya wanaokwenda shamba, na mtu wa shamba hupita kwanza kumsalimia mgonjwa. "Mwangaluka!" inasikika mlangoni, na baba akiwa na sahani mapajani, lile lililopo na lile lisilokuwepo, anajibu na kuongeza hapohapo, "Karibu tule." Mgeni anakataa mara moja, anakataa mara ya pili, ya tatu anachukua kipande kidogo tu, cha adabu. Akija mwenzake naye anachukua cha adabu. Adabu za watu watano zinamaliza sahani.

Nikamwambia basi ale chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Hapo alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mayu," alisema. Aliniita hivyo, yaani mama, kama walivyomwita mama yake. "Nijifungie ndani nile, watu wamekaa sebuleni? Mimi mchawi?"

"Wewe ni mgonjwa, baba."

"Wanakuja kuniona mimi. Hawaji kuona mguu."

Nilirudi jikoni nikatwanga dagaa na karanga hadi vikawa unga, nikauchanganya kwenye uji wake, nikijua hakuna mtu mzima atakayeomba uji wa mgonjwa. Ulikuwa uji mbaya wa rangi, lakini ulikuwa na protini ya kutosha kuamsha maiti. Siku ya tatu baba alimwonjesha mtoto wa jirani aliyekuja na mama yake. Mtoto akaomba tena. Mama akaonja kuhakikisha. Baada ya hapo uji wangu ulipata sifa mtaa mzima, wanawake wakaja kunifuata jikoni niwafundishe, na wakiwa wanafundishwa lazima waonje. Ningecheka kama isingekuwa paja la baba.

Maana alikuwa ananyanyua mchanga. Hilo lazima niliseme kwa ajili yake. Kila asubuhi na kila jioni alikaa kwenye kiti cha uani akafunga ule mfuko kwa mikono yake mwenyewe, akaunyanyua mguu hadi mishipa ya shingo ikamsimama, akauzuia, akaushusha polepole kama alivyoambiwa. Jasho lilimtoka. Hakuwahi kuniomba nimpunguzie mchanga. Nilikuwa na ukanda niliouchana kwenye kanga kuukuu, nikampa azungushie paja mwenyewe, na nilitia alama ya mkaa pale unapokutana. Wiki ambazo mvua ilinyesha sana na njia zikawa tope, wageni hawakuja, na alama ilisogea. Upana wa punje ya mhindi, lakini ilisogea, tukaonyeshana kama watoto. Jua likitoka, njia zikikauka, alama ilirudi ilikotoka. Basi nikawa ndiye mtu pekee Mpanda anayeomba mvua isikatike, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikitusogeza kwenye msimu.

Ikafika miezi ile ambayo mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu hayajakomaa. Wageni walizidi. Sitasema walikuja kwa njaa, kwa sababu walikuja kwa upendo, ila njaa waliibeba na kuja nayo. Siku moja akaja mama mmoja wa kule mashambani aliyewahi kuhifadhiwa na baba kipindi cha kiangazi. Alileta fungu la majani ya maboga, basi, ndilo alilokuwa nalo. Tulikuwa na migebuka, nimeipika vipande vya kiganja hasa, vimepimwa kwa macho yangu yaliyokuwa yamezoea. Baba akamgawia kimoja. Yule mama alikula ugali na mchuzi, kisha nikamwona, akidhani hakuna anayemtazama, akikifunga kile kipande cha samaki kwenye jani la boga na kukitia ndani ya kitenge, kumpelekea mtoto. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nilikaa nyuma ya nyumba nikamkosa wa kumchukia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hasira yangu ilibaki na mimi mwenyewe.

Haikuchukua muda ikatoka. Mchana mmoja wa Jumapili sebule ilikuwa imejaa, watu wametoka kanisani, wengine ni majirani zetu Waislamu waliokuja kumjulia hali, sinia mbili ziko chini, na shangazi mlangoni bado anaita. Nilikuwa nimeshika bakuli la nyama ya ng'ombe, ambayo kwetu ilikuwa ya nadra. Nikaona mikono ile yote, minyoofu, iliyonawa, inasubiri. Sijui nilivyoanza. Nakumbuka tu nikisikia sauti yangu.

"Nyie mnakula paja la baba! Kila siku mnakuja hapa mnakula paja la baba!"

Mzee mmoja alirudisha tonge lake kwenye sinia polepole. Shangazi aliweka mkono kifuani. Baba hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, niweke bakuli, nipige magoti, niwaombe radhi. Nikapiga magoti. Nikawaomba radhi nikiwa nalia, na wao, kwa wema uleule, wakanisamehe palepale, wakasema binti amechoka, kuuguza ni kazi.

Wiki iliyofuata walileta kuku wengi kuliko wakati wowote. Kila aliyekuwepo siku ile alirudi na kitu cha kumfuta baba aibu, na kwa kuwa walikuja kusuluhisha, isingewezekana waondoke bila kula. Nilichinja mwenyewe. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba sikusubiri shangazi alete kisu.

Mvua zikakatika. Nyasi zikaanza kugeuka rangi, na mwenzake baba wa kambi, yule aliyekuwa akishika kamba chini baba akiwa juu, akaanza kupita kwetu kuzungumzia safari. Tulimpeleka baba kwa mtaalamu wa mazoezi. Kijana alipapasa paja, akamwambia achuchumae asimame bila kushika kitu. Baba alichuchumaa. Kusimama alishindwa, mpaka alipoweka mkono chini.

"Bado, mzee," alisema. "Umefanya mazoezi, nakuona. Lakini misuli haijapata cha kujengea. Unakula kama nilivyokwambia?"

"Nakula," alisema baba.

Nilimtazama baba, naye akatazama dirishani. Kijana alisema tumpe miezi mingine, ale, anyanyue, atapanda tu mwakani. Hakujua kwamba mwakani haikuwepo. Kesho yake alitoa kamba yake ya kupandia akaipaka mafuta. Treni ilipoondoka alikuwa dirishani na wenzake, amevaa suruali iliyolegea upande mmoja, akinipungia mkono kwa furaha ya kweli. Hiyo furaha ndiyo iliyoniua.

Alirudi kabla ya msimu kwisha. Mwenzake alimsindikiza hadi mlangoni, akiwa na kidumu kimoja cha asali. Baba alipita moja kwa moja chumbani. Mimi nikamletea mgeni maji, nikakaa, nikasubiri aniambie, na yule mzee akanieleza kwa uso wa mtu aliyeleta habari njema.

"Binti yangu, usiwe na wasiwasi, tumemtunza baba yako. Alijaribu mti wa kwanza, akafika tawi la chini, tukaona mguu unatetemeka. Tukamwambia, ndugu yetu, shuka. Akashuka. Hakuna aliyecheka, naapa. Miti tumeigawana kwa amani. Na chakula alikula. Tulikuwa na kambare wa mtoni, wakubwa. Kila tukipika, tunamwekea sahani yake pembeni, samaki mzima, wake peke yake. Sisi tunakula kwenye sinia letu. Hata mmoja hakuigusa."

Alisubiri nimshukuru. Nikamshukuru. Nilikuwa nimesikia kitu nilichokipigia magoti masika yote, kambi nzima ya wanaume imemwachia baba kiganja chake na zaidi, na moyo wangu uliruka kwanza kabla sijaelewa. Halafu nikaelewa. Wanaume wa kambi hula sinia moja. Anayewekewa sahani pembeni ni mgonjwa, au mtoto, au mpita njia ambaye hawajui jina lake.

Tangu aliporudi hakuufunga tena mfuko wa mchanga. Kiti cha uani alikikalia, ila mguu aliuacha chini. Nilimsihi, nikamkumbusha maneno ya yule kijana, kwamba chakula bila kunyanyua hakijengi kitu. Alinisikiliza kwa upole kama mtu anayesimuliwa habari za nchi ya mbali.

Kisha wakaja wageni. Ilikuwa pole ya safari, na habari ya miti ilikuwa imeshafika mtaani, kwa hiyo walikuja wengi, na walikuja kimya. Shangazi alitandika mikeka. Nilipika migebuka na maharage, ugali mkubwa, nikaweka sinia mbele ya nafasi ya baba, karibu na mlango, pale alipozoea kukaa ili agawe. Watu walinawa. Baba akasimama, akashika ukuta, akaelekea chumbani.

"Changu niletee huku," alisema bila kugeuka.

Shangazi alinitazama. Nikachukua sahani, nikachagua kipande kikubwa kuliko vyote, nikaongeza cha pili, maharage bakuli lililojaa, nikampelekea. Alikuwa ameketi kitandani akitazama ukuta. Alikula yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alikula taratibu, hakubakiza, hakuniambia karibu. Sebuleni hakukusikika mkono ukigonga sinia. Watu wote wale walikuwa bado wamekaa na mikono iliyonawa, wakisubiri mwenye nyumba aanze.

"Waambie wale," alisema baba. "Mwambie mzee yeyote agawe."

Nikaenda nikawaambia.